Saba Zilizobaki Katika Sabini Elfu

Mama alipofariki, Mbagala ilikuwa bado mikorosho mitupu, na nyumba za watu moja hapa, moja kule. Sie tuliotoka kusini tulikuja na desturi yetu: marehemu husomewa tahlili sabini elfu, La ilaha illa Llah, apate wepesi huko aendako. Mama aliniomba mwenyewe kabla hajakata kauli. Isipungue hata moja, alisema.

Wanawake walioketi mkekani asubuhi ile majina yao ninayo yote, ila wengi wameshatangulia, nawaacha wapumzike. Tulikuwa wanane. Kila punje ya hindi tuliihesabu kuwa tahlili mia, basi punje mia saba zikatimiza sabini elfu. Mafungu yalitakiwa yawe sawa, asije mtu akasema yeye ndiye aliyembeba marehemu. Niligawa mie, maana nilikuwa nimeanza kisomo cha watu wazima jioni. Kwa wanane ikakubali: kila mmoja punje themanini na saba na nusu, yaani tahlili elfu nane mia saba na hamsini. Haikubaki kitu.

Ndipo akaingia mke mwenza wa mama, niliyemwita mama mdogo. Miaka walikuwa hawasemezani. Akavua ndara, akaketi ukingoni mwa mkeka, akaomba na yeye fungu lake.

Mama mkubwa, dada yake mama, hakumtazama. "Mgonjwa hukuja kumjulia hali, leo unataka fungu?"

Nikazikusanya punje, nikagawa upya kwa watu tisa. Sabini na saba kila mmoja, zikabaki saba. Zile saba nikazihesabu tena kuwa tahlili mia saba, nikagawa: sabini na saba kila mmoja, zikabaki tahlili saba. Hapo nikaona sababu. Kumi ukiwagawia watu tisa, inabaki moja. Mia, inabaki moja. Elfu kumi nayo, moja. Na sabini elfu ni elfu kumi mara saba, kwa hiyo lazima saba zibaki. Hata ningegawa mpaka kesho, namba ile kwa tisa haiingii.

"Umeona," mama mkubwa akasema, "sabini elfu yenyewe imemkataa."

Kumtoa mtu kwenye dua ya mama sikuweza, na kupunguza saba sikuweza.

Mama mdogo akanyoosha kiganja. "Nipe hizo saba, mwanangu, juu ya fungu langu. Mie ndiye niliyemkosea mama yako."

Nikampa. Tukasoma kimyakimya, midomo tu ikicheza, mpaka alasiri. Mafungu yalipokwisha, zikasalia zile saba. Akazisoma kwa sauti, polepole, sote tukisikiliza. Kwenye ya tano sauti ikamkatika, akajifunika uso na ushungi.

Tukangoja.

"Bado mbili," mama mkubwa akamwambia, kwa sauti ya chini. "Malizia."

Akamalizia.