Pumzi Ndani ya Taa ya Lori

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Sijaonja busaa tangu nibatizwe, na nililoliona pale daraja la mto Malaba nililiona kwa macho haya mawili, saa moja jioni, watu hata chakula hawajala. Ukitaka kucheka, cheka. Nimeshachekwa na wenye akili kukushinda.

Enzi hizo za Mwingereza, Waafrika tuliokabidhiwa lori tulihesabika kwa vidole. Mimi nilibeba pamba kutoka Masafu hadi Tororo, na tajiri wangu alikuwa ameniapia: taa ikikufia njiani, usukani nampa mwingine. Kazi ile niliipenda kuliko chakula, sikufichi.

Basi taa ya kulia ikaanza kutoka jasho kwa ndani. Ukungu mtupu kwenye kioo, mwanga haufiki hatua tano. Nikafungua pete yake kwa bisibisi, nikatoa kioo, nikakipangusa, nikazibua kitundu cha chini cha kutolea maji, nikaianika juani kutwa. Ikakauka vizuri. Kufika darajani, ukungu umerudi! Nikabadilisha mpira wa kuzuia maji. Wapi! Mara tatu, na kila mara ni daraja lile lile. Taa ya kushoto je? Kavu kabisa.

Siku ya nne nikasimama hapo hapo darajani, jua limeshazama, nikaifungua tena. Nimepangusa, nimerudisha kioo, sijakaza hata skrubu ya pili, kikaloa mbele yangu. Niamini, ile ilikuwa pumzi. Ukungu unakuja, unafifia, unakuja tena, kama mtu anayehema.

"Dereva."

Nikageuka. Mzee amesimama, suti nyeusi, miguu mitupu, pamba puani.

Nilimjua. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemwona akilazwa ndani ya sanduku, nikambeba kumrudisha kwao Kisoko akazikwe. Tulipofika mtoni watu wake walipiga bati la kabini, wakitaka nisimame waongee na maiti wao kabla hajavushwa. Mimi nikakanyaga mafuta. Nilikuwa na haraka, na kiburi kilinijaa.

"Wewe lipitisha sanduku," akasema. "Mimi nabaki hapa. Hakuna mtu alisema, mzee, sasa tunavuka maji. Mimi najua njia namna gani?"

Miguu ilitaka kukimbia, nakiri. Halafu hasira zikanipanda. Nikimbie niache lori la mtu barabarani? Kesho nile nini?

"Mzee, unataka nifukuzwe kazi?" nikamfokea. "Kwa nini hukusema tangu siku ya kwanza?"

"Nasema kila siku kwa hii kioo. Wewe napangusa tu."

Wewe ungemjibu nini? Mimi sikupiga magoti wala sikulia. Nikamfungulia mlango wa kabini, nikatamka kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Panda, mzee. Sasa tunavuka maji. Tunakwenda kwako Kisoko." Kiti kikalia chini ya uzito wake. Nikavuka kwa gia ya kwanza, jasho linanitiririka, macho mbele.

Ng'ambo nikatazama kando. Hakuna mtu. Kiti kimelowa chapachapa, na taa ya kulia inamulika hadi kwenye kona ya mbali.

Tangu jioni ile, kiganja changu cha kulia, kile kilichokuwa kikipangusa kioo, hakijakauka. Kiangazi, masika, hata nikiota moto. Mchungaji amekiombea, daktari amenipa poda. Kanisani watu wakinisalimia wanajifuta kwenye nguo. Walinishauri niache lori. Niache kwa nini? Nilifunga kitambaa kwenye usukani nikaendelea kuendesha, bendera ya Mwingereza ikashushwa mimi bado ni dereva.

Kwa hiyo wewe unayebeba maiti wa watu, ukipigiwa bati mtoni, simama. Na kama bado unaona nakudanganya, sitabishana nawe. Lete mkono tusalimiane.