Ziwa Linapotulia

Ukitaka kumuudhi Yeremia, mwambie tu kwamba mtandao umekata. "Mtandao upi?" atakuuliza, na hapo ujue umeshajitafutia somo. Wewe unaona simu na mnara, basi, unadhani umemaliza. Yeye anaona tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na watu wake, na watu hao hawaingiliani hata kidogo.

Chini kabisa, atakuambia, kuna umeme: betri, jenereta na jamaa wanaoleta mafuta. Juu yake kuna mnara na antena zinazoongea na simu iliyo mkononi mwako. La tatu ni tabaka la njia, yaani yale masahani ya duara yanayorushiana maneno kutoka mnara hadi mnara, na kwa watu wa visiwani yanayavusha juu ya maji. Juu ya yote kuna mitambo mikubwa Dar es Salaam, ambayo ndiyo inayojua wewe ni nani na unamtafuta nani. Ukiwa Ukerewe ukampigia jirani unayemwona kwa macho yako anaanika dagaa uani, sauti yako inavuka ziwa hadi Mwanza, inakwenda Dar, ndipo inarudi kwa huyo jirani. Mzee Luhende, baba yake, aliposikia hivyo mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. Akasema wasomi wana kazi za ajabu.

Yeremia alikuwa mtu wa tabaka la tatu. Alikaa ofisini Mirongo, jijini Mwanza, mbele ya skrini zilizojaa vidoa vya kijani, kila kidoa njia moja ya masahani. Kidoa kikiwa chekundu, kazi yake ilikuwa kumpigia fundi aliye karibu aende akaangalie. Kazi ya kukaa, ndiyo, lakini tusimsingizie: aliipenda na aliijua.

Sasa kuna jambo ambalo wenzao wa Dodoma hawalijui, ila hawa wa ziwani wanalijua sana. Asubuhi ziwa likitulia, bila upepo, maji yamelala kimya na joto limekaa juu yake, yale mawimbi ya masahani hupinda na kupotea njiani. Kidoa kinakuwa chekundu na hakuna kilichoharibika. Upepo ukianza tu, kinarudi kuwa kijani chenyewe. Zamani walikuwa wanawahangaisha mafundi kwa boti, mafundi wanafika, wanakuta kila kitu kizima, wanarudi na matusi. Ikawa desturi: njia ya kuvuka maji ikikatika asubuhi ya ziwa tulivu, unaandika "ziwa" kwenye kompyuta, unaendelea na chai yako. Hakuna bosi aliyeiagiza. Mgeni akiajiriwa anafundishwa wiki ya kwanza, huku watu wanacheka.

Asubuhi moja ya Februari ziwa lilitulia hasa. Kidoa cha njia inayohudumia kijiji cha wazazi wake, huko Ukerewe nyuma ya Nansio, kikawa chekundu. Yeremia alikiona. Alikijua kidoa kile kuliko vyote. Akaandika ziwa, akamenya yai lake.

Mchana Renatha aliingia kumpokea zamu. Hata mkoba hakuutua. "Hiki nacho ni tangu asubuhi?" akauliza. "Mbona upepo ulishaanza zamani?"

Yeremia akageukia dirishani. Miti ya nje ilikuwa inayumba. Renatha akampigia Jovinary, fundi wao wa Nansio, ambaye pikipiki yake hailali mbali na mnara ule. Jovinary akapanda, akakuta nati imelegea na sahani imegeuka uso. Akaikaza, akairudisha mahali pake. Kazi ndogo, haikumtoa hata jasho. Kidoa kikawa kijani, na simu ya Yeremia ikaita papo hapo. Alikuwa Odeta, mdogo wake.

"Mama ametutoka, kaka."

Alivuka kesho yake kwa kivuko cha kwanza alichokipata. Nyumbani alikuta turubai limeshafungwa na akina mama wamekaa kwenye majamvi. Baba yake alikuwa peke yake nyuma ya nyumba, amekalia mkeka wake wa kuotea jua, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Odeta akamvuta Yeremia pembeni akamweleza.

Mama yao, Bi Rebeka, alibanwa na pumu asubuhi, na dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Odeta alitaka kukimbia kwa Mhoja, mwenye bodaboda, anayekaa upande wa pili wa kilima. Mzee akamzuia. Utapoteza muda, alisema, simu ipo na mistari ya mtandao imejaa. Akampigia Mhoja. Kimya. Akampigia Yeremia, kimya. Akarudi kwa Mhoja, akarudi kwa Yeremia, hivyo hivyo, hadi Odeta alipoona mama anageuka rangi, akaacha adabu akakimbia. Mhoja alikuja mbio. Lakini mama alikata roho mikononi mwa Odeta, juu ya pikipiki, Nansio inaonekana.

"Baba mwenyewe anasema ulimwambia," Odeta alisema. "Mistari ikijaa, arudie tu."

Ni kweli alimwambia. Krismasi, alipomletea simu ile, mzee alikuwa anauliza maswali mengi na Yeremia alikuwa na usingizi wa safari. Baba, ukiona mistari imejaa, piga, isipopokelewa, rudia. Yeye, wa kufundisha watu tabaka! Alijua fika kwamba mistari ile inasema habari za mnara ulio karibu nawe tu. Minara mingine huendelea kuijaza simu mistari hata njia ya kwenda Mwanza ikiwa imekufa. Aliona ni maneno mengi kwa mzee, akayafupisha.

"Anasema ni yeye aliyemuua," Odeta aliendelea. "Eti alibonyeza vibaya. Tangu jana hajatia kitu kinywani. Mwambie wewe, kaka, wewe ndiye unayeyajua haya mambo. Tutazika wawili."

Yeremia akaenda nyuma ya nyumba. Ilikuwa rahisi kusema mashine iliharibika, na wala usingekuwa uongo. Aliyapanga maneno hayo njia nzima, hatua chache tu, akaona yatatosha. Akakaa chini karibu na baba yake.

"Baba, hukubonyeza vibaya. Simu ilipiga. Sauti ilifika mnarani, ikakosa njia ya kuvuka."

Mzee alimtazama kwa muda. Macho yalikuwa yamevimba. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, baba."

"Na hiyo njia, hakuna mtu anayeiangalia?"

Angeweza kusema wapo watu ofisini, wengi. Alishindwa. Alikuwa amechoka, na alimpenda baba yake, na aliogopa kama mtoto.

"Yupo," alisema. "Nilikuwa mimi. Niliona imekatika, nikaiacha. Nilidhani itarudi yenyewe."

Kuku walipita, wakachakura, wakaenda zao.

"Ulikuwa umekaa?" mzee akauliza mwishowe.

"Nilikuwa nimekaa, baba. Nakunywa chai."

"Mimi nilisimama na simu pale uani," mzee alisema. "Nimeinyoosha juu. Mpaka mkono ukafa ganzi."

Kisha akamwita Odeta, akaomba uji. Aliunywa wote, polepole, na Odeta akalia kwa shukrani, akamwangalia kaka yake kama aliyefanya muujiza. Kesho yake walimzika Bi Rebeka, na mzee alisimama kaburini bila kushikwa na mtu.

Hakumlaani mwanawe wala hakumfukuza. Hakumweleza mtu. Yeremia bado huvuka kwenda kijijini kila mwisho wa mwezi, na sukari na sabuni. Humwamkia baba yake, naye huitikia marahaba, vizuri tu, kama anavyomwitikia mtu yeyote apitaye njiani. Kisha haulizi kitu.