Tumbo Moja Tu

Dada yangu ameosha matumbo ya ng'ombe machinjioni miaka ishirini na sita, na wenzake wote humwita Fundi Utumbo. Meza yake ni ya saruji, karibu na bomba, na kisu chake ole wake atakayekigusa. Wenzake wakiletewa tumbo hupasua, humwaga, husuuza, basi. Yeye hapana! Lazima apekue kwanza: huyu kala nyasi kavu, huyu kameza msumari, huyu masikini kala mfuko wa plastiki. Nikimpelekea chai huku nimeziba pua, huniita, "Njoo uone, mdogo wangu, acha maringo." Kisha hunionyesha: tumbo la kwanza kubwa kama gunia, nyasi zinachachukia humo, la pili lina vitundu kama sega la nyuki, la tatu ni kurasa tupu kama daftari, la nne ndilo lenye maji makali.

Mwaka jana akaanza kukonda. Anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. Siku alipotapika damu nikamkokota hospitali, maana ni mbishi yule, acha tu! Daktari, binti mwenye sauti ya upole, akatueleza bila kuficha: kuna uvimbe tumboni, inabidi wakate sehemu kubwa ya tumbo upesi, kabla haujasambaa. Mimi machozi yakanilengalenga. Dada yangu akacheka.

"Kata, mwanangu, usiogope. Yatabaki matatu."

"Matatu gani, mama?"

"Matumbo. Si yapo manne?"

Jamani! Miaka yote hiyo ya kuhesabu manne manne, hakuwaza hata siku moja kwamba yeye hajaumbwa hivyo. Na nisijifanye mjuzi, shuleni nilifundishwa, ila na mimi nilikuwa nimeshasahau.

"Mama, binadamu tuna moja tu," daktari akasema.

Kicheko kikakatika. Dada akairudisha mezani kalamu aliyopewa, fomu ya kukubali upasuaji haijasainiwa. "Moja! Ukilikata hilo, nitaishi na nini?"

Akagoma siku mbili. Nilibembeleza, nikafoka, nikamwita kichwa ngumu mbele ya wagonjwa wenzake. Wapi! Niliogopa, na woga wangu huwa unatoka kama matusi. Lakini kila daktari alipopita, dada alimshika mkono wa koti: kwa nini ng'ombe apewe manne na mimi nipewe moja?

Siku ya tatu daktari akavuta kiti. "Kwanza, mama, hata ng'ombe ana tumbo moja, ila lina vyumba vinne. Nyasi ni ngumu. Kwenye lile gunia kuna vijidudu vinavyozivunjavunja, kisha anacheua, anatafuna upya. Wewe hucheui. Maharage yako nani anayalainisha?"

"Moto."

"Basi kazi kubwa umeshaimaliza jikoni. Na baada ya tumbo kuna utumbo mwembamba, ndio unaonyonya chakula. Huo utabaki. Utakula kidogokidogo, mara sita kwa siku, na utafune sana."

Dada akawa anahesabu kwa vidole: kisu, sufuria, moto, meno. "Alaa! Kumbe vyumba vyangu vingine viko nje." Akanigeukia. "Wewe unashangaa nini? Nipe kalamu."

Upasuaji ulichukua saa nne nzima. Mimi kwenye benchi nje nilishindwa hata kusali vizuri.

Alitoka salama. Kesho yake, sauti bado haijarudi vizuri, akaomba aonyeshwe kile kipande. Nikamkaripia, "Wewe mtu gani?" Lakini daktari alishamzoea. Akakileta ndani ya chupa yenye dawa ya kuhifadhia, kabla hakijaenda maabara.

Dada akaigeuza chupa polepole kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza chakula kiliingilia upande gani, kikatokea wapi, akasifu jinsi ngozi ya ndani ilivyokunjamana. Kisha kidole chake kikasimama mahali nyama ilipokuwa nene, ngumu, imevimba vibaya.

"Hili ningelikuta mezani kwangu," akasema, "ningelitupa. Nisingempa hata mbwa."

Akanipa chupa.

"Na nilikuwa natembea nalo, mdogo wangu. Nakataa lisikatwe."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia naye.