Kamba ya Huriye Barabarani

"Huriye, mama gani anamfungia bintiye njia siku ya harusi?"

Nezaket, jirani yake, alimuuliza hivyo mbele ya watu. Huriye hakugeuka. Alikuwa akifunga kamba yake ya kubebea majani ya chai, kutoka nguzo ya umeme hadi mti wa ng'ambo ya barabara.

Kukinga kamba si ajabu kwao. Msafara wa bibi harusi haupiti mpaka upande wa bwana harusi umpe mwenye kamba anachotaka, hata akitaka jogoo. Lakini huo ni mchezo wa watoto na majirani. Mama mzazi hafanyi.

Juma zima ilianguka theluji nzito itokayo Bahari Nyeusi, kisha asubuhi hiyo ukavuma upepo wa kusini, vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe. Mapaa yakaanza kuchuruzika maji. Ng'ambo ya daraja, korongo lilikuwa limejaa theluji pomoni, na barabara ya pwani inapita chini yake. Watu wote waliliona. Ila nani ataje mauti harusini? Hata siku theluji ya korongo hilo ilipoporomoka ikamchukua mume wa Huriye, Mungu amrehemu, upepo ulikuwa huuhuu, na watu waliona wakanyamaza. Huriye akabaki na bintiye Seher mgongoni, akichuma chai.

Rasim, baba wa bwana harusi, alishuka gari la mbele akicheka, noti mkononi.

"Haya, mkwe, umetuweza. Chukua utupishe. Ukumbi unangoja, samaki wanapoa."

"Zirudishe mfukoni, mkwe wangu."

"Ni kidogo?"

"Sijazihesabu."

Zumari ikanyamaza. Mjomba wa bwana harusi akatoa kichwa dirishani. "Huyu hataki kumtoa binti. Aseme tu, tukatafute kwingine."

Watu wakacheka.

"Katafute," Huriye akasema. "Ila utatafutia upande huu huu wa daraja."

Hapo Seher akashusha kioo, shela jekundu usoni. "Mama, unaniaibisha."

Neno hilo lilimchoma kuliko vicheko vyote. Akasema bismillahi moyoni, akaikaza kamba.

"Nichukie, mwanangu. Nichukie ukiwa hai."

Rasim aliinua macho korongoni, akayatuliza huko kitambo, tone la maji likimdondokea begani kutoka kwenye mti. Alipowageukia wageni wake, wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Kamba ni kamba," akasema, sauti imeshuka. "Taja unachotaka, Bi Huriye. Nimesema mbele ya watu, nitatoa."

Huriye akafuta mikono kwenye aproni.

"Laleni kwangu. Unga wa mahindi upo, siagi ipo, wanaume watajibana ghalani. Mtapita upepo ukishageuka na theluji ikaganda."