Nyuki na Digidigi wa Gulwe

Jirani yangu Damas alikuwa mtu wa maneno mengi, na mara nyingine nilitamani ameze ulimi wake. Mwaka 1994 alipunguzwa kazi, akarudi hapa Gulwe kwenye mizinga yake ya nyuki na mitego ya digidigi. Mwaka uliofuata mvua ikagoma. Nyuki wakahama, mizinga ikabaki mitupu, naye akaanza kuota machimbo ya vito ya Mererani.

Mkewe, Lea, hakutaka kusikia habari ya kuhama. Mtoto wao wa pekee, Ruthu, amezikwa nyuma ya nyumba, na Lea alikuwa akifagia pale kila asubuhi.

Siku moja mimi na Lea tukichambua mlenda uani kwao, Damas akaanza.

“Shemeji, binadamu aige nyuki. Maua yakiisha, kundi zima linaruka, halina majadiliano. Lakini huyu mwenzangu ni digidigi! Ukame unamkuta kichaka kilekile, njia ileile, hata kinyesi anakwenda kukiweka palepale.”

Nikacheka, Mungu anisamehe. Lea hakucheka.

“Baba Ruthu, ukishamnasa jike, dume unampataje?”

 Kila mtegaji wa kwetu anajua jibu: huondoi mtego. Digidigi huishi wawili wawili, na aliyebaki haendi mbali. Kesho yake atapita palepale akimtafuta mwenzake. Sijui Damas alikuwa amekula jozi ngapi.

Hata hivyo, Alhamisi asubuhi alibeba begi lake akaenda stesheni peke yake. Mimi nilikuwa nauza karanga pale. Treni ya Dodoma ikaja, watu wakapanda, yeye amekaa tu juu ya begi. Ikaondoka.

“Umelala?” nikamuuliza.

“Siwezi, shemeji.” Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima yule. “Siwezi kumwacha Lea pale peke yake.”

Nikamhurumia, nikafunga karanga zangu nimsindikize nyumbani. Hata kiwanja cha stesheni hatujakimaliza, tukamwona Lea anakuja mbio, mkeka na sufuria kichwani. Alikuwa ameshafunga nyumba na kumuaga Ruthu.

“Nilidhani umeniacha,” akamwambia mumewe, anahema.

 Damas aliutwaa mzigo wote akajitwika kichwani, mwanamume mzima, mbele ya watu. Wakamcheka. Mimi nikawatukana.