Futi ya Fundi na Kichwa cha Askofu

Saa moja asubuhi, Jumamosi, cherehani bado imefunikwa. Mshonaji wa kanzu za kwaya ananawa mikono kwa sabuni, anaifuta kwa taulo safi, kisha anamketisha mwanawe wa miezi saba juu ya meza ya kukatia. Mumewe anamshika mtoto mabega kwa nyuma. Mama mkwe yuko kwenye kigoda karibu na mlango, miwani puani. Leo hakuna anayeongea kabla ya kipimo.

Wateja wanamwita Fundi. Mtoto wanamwita Askofu, kwa sababu tangu afanyiwe upasuaji anavaa kofia nyeupe aliyoshonewa na mama yake, na akiletwa chumbani watu wote husimama kumpokea. Kwa hiyo mumewe, mpakaji wa rangi za nyumba ambaye madoa ya kazi yamemfika hadi kwenye nyusi, amepanda cheo bila kusomea. Majirani humwita Baba Askofu na kumwomba baraka akipita na ngazi yake.

"Waache wanitanie," anasema. "Wakiacha, nitajua wameanza kutuonea huruma."

Askofu alizaliwa na maji yaliyozidi kichwani. Alipokuwa na miezi miwili, madaktari walimwekea mpira mwembamba unaopita chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yapate njia. Mpira ukiziba, kichwa huanza kukua kuliko inavyotakiwa, na ubongo ndio unaobanwa. Ndiyo maana siku ya kuruhusiwa nesi alimpa Fundi utepe wa karatasi na agizo moja: kila Jumamosi apime, aandike.

Kupima kwake si kazi ngeni. Anapima watu tangu akiwa na miaka kumi na saba. Lakini hapa ndipo alipoteleza, na mpaka leo akisimulia hushika shingo, pale futi yake ilipokuwa ikining'inia.

"Ule utepe wa karatasi uliloa kwenye beseni, ukachanika," anasema. "Nikajiambia, mimi fundi mzima nikose futi? Nikavua yangu shingoni, nikampimia."

Futi hiyo ya kitambaa aliachiwa na mwalimu wake wa ushonaji. Imevutwa kwenye vifua na viuno vya watu kwa miaka mingi hadi ikalegea, na hakuna aliyejua. Atajuaje? Mteja alipimwa kwa futi hiyo, kitambaa kikakatwa kwa futi hiyo hiyo, na kanzu ikamkaa mwenyewe barabara. Kosa lilijifuta lenyewe kila siku. Kwenye kichwa cha mtoto halikuwa na pa kujifutia.

Futi iliyolegea husoma pungufu. Utepe wa karatasi mara ya mwisho ulisema sentimita arobaini na nne nukta sita. Futi ya Fundi, wiki baada ya wiki, ikasema arobaini na nne nukta tano, nukta tano tena, nukta sita. Nyumba ikapumua. Mama mkwe, aliyekuwa akiuliza kama mjukuu wake amekuwa kitambaa hata apimwe kila mara, akaanza kuimba asubuhi.

Jumapili moja wakasimama mbele ya kanisa wote watatu, Askofu mikononi. Baba akatoa ushuhuda kwamba kichwa kimesimama. Watu wakapiga makofi, kwaya ikaimba, na kanzu zote ishirini za kwaya zilikuwa kazi ya mkono wa Fundi.

Siku nne baadaye wakaenda kliniki. Nesi akapima, akapima tena, akaangalia daftari la Fundi. Arobaini na sita kamili.

"Mama, kule nyumbani unapimia nini?" akauliza.

Fundi akavua futi shingoni. Nesi akailaza mezani sambamba na ya kliniki; arobaini na nne nukta sita ya Fundi ikalingana na arobaini na sita ya kliniki.

"Nilitamani sakafu inimeze," Fundi anasema. "Si kwa aibu ya nesi. Nilikuwa nahesabu zile Jumamosi nilizolala usingizi mzito."

Picha ya kichwa haikutoa jibu la kueleweka. Huenda mpira umeanza kuziba, huenda unavuta maji taratibu. Daktari akawapa wiki tatu na utepe mpya. Mtoto akitapika ovyo, au utosi ukijaa, waje saa hiyo hiyo. Kichwa kikipita arobaini na sita na nusu, anarudi chumba cha upasuaji.

Jumamosi ya kwanza: arobaini na sita nukta moja. Ya pili: nukta tatu. Tangu hapo Fundi anashona akiwa ameweka kiti cha mtoto mbele ya sindano, na kila baada ya mshono mmoja anagusa utosi. Mteja mmoja amerudishiwa kanzu yenye mikono miwili ya kushoto.

"Naomba, ndugu yangu, lakini huku naomba macho yangu yako kwenye utosi," Fundi anamwambia mwandishi wa habari hii. "Sijui kama hayo ndiyo maombi."

"Ndiyo," mama mkwe anajibu kutoka mlangoni. "Hata mimi siku hizi nasali macho wazi."

Leo ni Jumamosi ya tatu. Tangu futi iwaumbue, hawaamini jicho moja. Fundi anapitisha utepe juu ya nyusi, juu ya masikio, nyuma pale palipochomoza. Anasoma, anageuka, anaandika kwa chaki kwenye kiganja. Mume anapima naye, anaandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya kwaya. Hawaambiani. Vyote vinapelekwa kwa mama mkwe, ambaye anasogeza kiganja karibu na miwani, kisha karatasi, kisha kiganja tena.

"Mama, sema basi," mwanawe anamwambia.

"Nukta tatu," anasema. "Na huyu naye nukta tatu."

Hakuna anayeshangilia. Fundi anaketi chini, palepale kwenye vipande vya vitambaa, na kulia bila sauti. Askofu anamtazama kutoka juu ya meza, kidole mdomoni.

Jumatatu watampeleka mtoto kwa daktari, naye asome kwa utepe wake. Kesho, Baba Askofu anasema, atasimama tena kanisani na kueleza kwamba walishukuru kwa kipimo kibovu. Wapo watakaosema wamepungukiwa imani.

"Waseme," Fundi anajibu akijifuta uso. "Mungu hakunidanganya. Futi ilinidanganya, na mkono ulioishika ni wangu."

Ubatizo wa Askofu umeahirishwa mara mbili. Kanzu yake iko chini ya cherehani, nyeupe, haijamalizwa, na kofia yake kando. Fundi anaitoa na kuigeuza ionekane ndani.

"Kanzu nimeiachia upindo wa vidole vinne, arefuke anavyotaka," anasema. "Kofia nimeiachia nusu sentimita, ile aliyoniruhusu daktari, iishie arobaini na sita na nusu. Zaidi ya hapo sijamwachia kitambaa."