Omuramba Ambao Mwalimu Hakuuonja

Kutoka Tunduma hadi Isingiro ni safari ya kuchosha mifupa. Nililala Kahama katika nyumba ya wageni yenye kunguni, nikapanda basi jingine alfajiri, nikateremka Omurushaka nikiwa mwekundu kwa vumbi kama tofali, kisha pikipiki ikanimalizia. Njia nzima nilikuwa na hamu moja tu: omuramba, ile juisi ya ndizi tuliyokulia. Sasa sikia nilivyokaribishwa, rafiki yangu.

Binamu yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba sasa, alinipa boksi la juisi ya maembe lenye mrija. Nikaligeuza nikasoma: limetoka ng'ambo ya bahari. Na nyuma ya nyumba mkungu umeivia mgombani, ndege wanaudonoa.

"Omuramba hakuna?"

"Kaka, nani anakamua siku hizi? Kunywa hiyo, ni ya baridi."

Nikaenda dukani kuuliza kinywaji chochote kilichotengenezwa hapa nchini. Mama muuzaji akainama, akatoa chupa moja ya juisi ya nanasi, akaipangusa vumbi kwa kanga. "Ichukue basi wewe," akacheka. "Wenzako wanaiangalia tu. Ukimpa mgeni hii anadhani umembania."

Nikapandwa na hasira. Nilianza kumhubiria habari za wakulima wetu na viwanda vyetu, nikipiga meza kama mgombea udiwani. Halafu nikaacha, nikalipia chupa yangu. Mimi sikuwa mtu wa kuhubiri hayo.

Bibi yangu ndiye aliyenilea. Shambani alikuwa na migomba ya embile, zile ndizi zisizopikwa bali hukamuliwa. Zikishaivishwa, tulizimenya tukazitupa katika mtumbwi wa mti, tukachanganya na majani makavu, kisha tukaosha miguu na kukanyaga. Mwanzo ni utelezi mtupu, nyayo zinateleza kama kwenye sabuni. Ukikanyaga vya kutosha povu linapanda, na harufu tamu inavuta nyuki wa kijiji kizima. Bibi alichuja, akajaza vibuyu. Omuramba ulinyweka siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukizidi hapo unageuka pombe, na Bibi alikuwa Mlutheri aliyeokoka. Pombe haikulala nyumbani kwake.

Nilipomaliza kidato cha nne akaamua kunifanyia sherehe. Lakini alikuwa na lake moyoni. Yeye na akina mama wenzake wa kanisani walitaka kuuza omuramba, na mkuu wa shule yangu, mtu wa Bukoba, alikuwa amekubali kuja. "Mkuu wa shule akiupenda," Bibi alisema kila jioni wiki ile, "sherehe zote za shule watanunua kwetu. Kinywa cha mkubwa ndicho kinachofungua soko."

Mimi niliona aibu. Nilishakaa bweni na watoto wa wafanyabiashara, nikajua mgeni wa heshima hupewa chupa yenye kizibo. Nikamwendea mjomba wangu mchuuzi kwa siri, nikamsihi alete kreti mbili za soda kutoka ng'ambo ya mto, Uganda. Akazileta.

Siku ilipofika Bibi alipiga magoti mbele ya mkuu wa shule, kibuyu mikononi. Akaonja kwanza mwenyewe, kama desturi yetu inavyodai, ili mgeni aone hakuna sumu. Kisha akamnyooshea. Mimi niliona kitu kimoja tu: midomo ya Bibi kwenye kibuyu cha mwalimu. Nikainuka, nikakipokea kabla yake.

"Bibi, mwalimu anakunywa soda."

Mkono wa mwalimu ulikuwa umeshanyooka. Ukabaki hewani kidogo, ukarudi gotini, na mjomba akauwekea chupa. Wageni walipoona mkubwa ana soda, nao wakataka soda. "Na sisi ni wageni!" jirani mmoja alipiga kelele, watu wakacheka. Kreti mbili hazikutosha, wengine wakakimbilia dukani. Vibuyu vikabaki vimejipanga ukutani, na akina mama wa kanisani wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Siku ya tatu vibuyu vilianza kutoa povu. Bibi akavibeba, kimoja kimoja, akavimwaga kwenye mashina ya migomba. Nilitaka kumsaidia. Akasema, "Acha, mikono yako ni ya kalamu."

Hakunigombeza. Mwezi uliofuata nilipata lifti ya lori la kahawa kwenda Kahama kutafuta kazi, na tangu hapo nimerudi kama mgeni tu, sijawahi kuishi kule tena. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Bibi shambani na jirani mwenye panga. Migomba ya embile ilikuwa imelala chini yote, maji yakichuruzika kwenye visiki.

"Bibi, mbona unaikata?"

"Tunapanda ya matoke. Hii haina mnywaji."

"Ningekunywa mimi."

Alinitazama, bila hasira hata kidogo, jambo ambalo linanisumbua hadi leo. "Ulikuwepo, mjukuu wangu. Mbona hukunywa?"

Lori likapiga honi barabarani. Nikasema shikamoo badala ya kwaheri, nikakimbia.